Tuyajue Maji Kabla ya Kuyachemsha

Mwaka uliopita, jirani yangu mmoja aishiye pwani alimwita fundi wa mabomba aje kuitazama bwela yake ya umeme, ambayo ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili tangu ifungwe ukutani. Maji hayakupata moto ila baada ya kungojwa sana, na kila swichi ilipowashwa chombo kilinguruma kama chungu cha maharage. Fundi alifunga maji, akakata umeme, akafungua kifuniko cha chini. Kilichomwagika hakikuwa maji peke yake. Yalitoka magamba meupe yenye umanjano, mengine mapana kama kucha, mengine madogo kama changarawe, hata yakajaa nusu ndoo. Koili ilipochomolewa ilikuwa imevikwa koti la jiwe nene kuliko kidole, na chini ya koti hilo ilikuwa imepasuka.

Lawama zikaanza papo hapo. Mwenye nyumba alimlaumu muuzaji kwa kumpa chombo duni. Fundi aliulaumu umeme unaopanda na kushuka. Mke wa mwenye nyumba aliwalaumu wote wawili. Hakuna hata mmoja aliyeyashuku maji, kwa kuwa maji yale yalikuwa maangavu, yananyweka vizuri, na yalitoka katika kisima kilichochimbwa kwa gharama kubwa uani mwao wenyewe. Niliokota gamba moja, nikalidondoshea siki. Likatoa povu. Gamba lile lilikuwa chokaa, na chokaa ile haikutoka dukani wala katika nyaya za umeme, ilitoka kisimani.

Rai ninayotaka kuitoa katika makala haya ni hii: watu waishio juu ya miamba ya chokaa wanapoteza bwela, koili na fedha nyingi kwa sababu ya jambo ambalo sayansi imekwisha kulieleza tangu zamani, ambalo laweza kupimwa kwa gharama ndogo, na ambalo wenye dhamana ya maji aghalabu hulijua lakini hawamwambii mnunuzi wa maji. Kwa neno bwela nakusudia chombo chochote cha nyumbani kichemshacho maji na kuyahifadhi: mtungi wa umeme wa ukutani ambao wengi mijini huuita hita, tangi la nguvu za jua lililo juu ya paa, au pipa la kuni la bweni la shule. Chombo hutofautiana, lakini adui ni yuleyule.

Jiwe lisafirilo ndani ya maji

Mvua inaponyesha haina chokaa. Lakini ikipita hewani, na zaidi inapozama katika udongo wenye mizizi na majani yaozayo, huchukua hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, na kugeuka kuwa asidi dhaifu sana. Asidi hiyo haiwezi kumchoma mtu ulimi, lakini ikikutana na jiwe la chokaa hulila taratibu. Jiwe huyeyuka, likawa kitu kiitwacho bikaboneti ya kalsiamu, nacho husafiri ndani ya maji bila ya kuonekana. Pamoja nacho huenda pia magnesiamu. Hayo ndiyo yanayoitwa maji magumu.

Sehemu kubwa ya pwani ya Afrika ya Mashariki imekaa juu ya jiwe la namna hii. Visiwa vya Unguja na Pemba vina matumbawe ya kale katika maeneo mengi; nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, kama zile za Lamu na Kilwa, zilijengwa kwa mawe hayo na kuunganishwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana nayo. Kilima cha Wazo karibu na Dar es Salaam, na Bamburi karibu na Mombasa, ni mahali panapochimbwa jiwe la chokaa la kutengenezea saruji. Kwa hiyo mtu achimbaye kisima katika nchi kama hiyo asistaajabu akiteka maji yaliyobeba jiwe.

Msomaji aliyefika katika mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, ameona kazi ya maji hayo kwa macho yake. Maji yenye chokaa hudondoka kutoka darini mwa pango. Hewa ya ukaa iliyoyeyuka ndani yake hutoroka. Na chokaa, ikiwa imekosa kilichokuwa kikiishika majini, hugeuka tena kuwa jiwe. Tone baada ya tone, nguzo za mawe huning'inia kutoka juu na nyingine huota kutoka chini. Kazi hiyo huchukua maelfu ya miaka.

Bwela hufanya kazi hiyohiyo kwa miezi. Tofauti ni kwamba pangoni hewa ya ukaa hutoroka polepole, na ndani ya bwela hufukuzwa na moto. Tena kaboneti ya kalsiamu ina tabia isiyo ya kawaida: sukari na chumvi ya mezani huyeyuka zaidi katika maji ya moto, bali yenyewe huyeyuka kwa uchache zaidi maji yanapozidi kupata moto. Kwa hiyo chokaa huganda pale hasa palipo na joto kali kuliko pengine pote, yaani juu ya ngozi ya koili, au juu ya bati linalopigwa na moto wa kuni. Ukoko mweupe tuuonao ndani ya birika la chai ni mfano mdogo wa jambo hilo.

Ugumu wa namna hii, unaoondoka kwa kuchemsha, huitwa ugumu wa muda. Uko ugumu mwingine, utokanao na salfeti na kloraidi za kalsiamu na magnesiamu, ambao hauondoki kwa kuchemsha. Huo huitwa ugumu wa kudumu. Maji mengi ya visima yana aina zote mbili kwa viwango mbalimbali.

Wataalamu hupima ugumu kwa kuhesabu ni miligramu ngapi za kaboneti ya kalsiamu zingepatikana katika lita moja ya maji. Kwa kipimo kinachotumika sana, maji yenye chini ya miligramu 60 huitwa laini. Kati ya 60 na 120, ya wastani. Kati ya 120 na 180, magumu. Na yanayozidi 180, magumu sana. Hebu tufanye hesabu ndogo. Nyumba inayotumia lita 100 za maji ya moto kila siku, kutoka katika kisima chenye ugumu wa muda wa miligramu 300 kwa lita, hupitisha ndani ya bwela yake gramu 30 za chokaa kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 11 hivi. Si zote zigandazo, kwani nyingi hutoka pamoja na maji bafuni. Lakini hata ikiganda sehemu moja tu katika kumi, mwenye nyumba atakuwa amejiwekea zaidi ya kilo moja ya jiwe kila mwaka ndani ya chombo alichokinunua ili kimpe maji. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kibaba kinachojazwa ni bwela.

Hasara yenyewe ni ipi?

Husemwa mara kwa mara kwamba ukoko wa chokaa hula umeme. Usemi huo una ukweli, lakini si ukweli wote, na inafaa tuupime, kwa maana mtu asiyejua hasara yake iko wapi hawezi kujua aanzie wapi kuizuia.

Chokaa hupitisha joto kwa shida. Chuma hupitisha joto mara makumi zaidi kuliko ukoko huo, na shaba mara mia na zaidi. Katika bwela ya kuni au ya gesi, ambapo moto uko nje na maji yako ndani, ukoko husimama kati yao kama blanketi. Joto lisiloweza kupenya hupanda na moshi kupitia bomba la moshi, na kuni huteketea bure. Hapo ndipo mafuta na kuni hupotea kweli, na shule yenye bwela chakavu hulipa hasara hiyo kwa miti ya jirani zake.

Bwela ya umeme ni tofauti. Koili imezama ndani ya maji, na joto lake halina pa kwenda ila majini, hata kama linachelewa kufika. Kwa hiyo bili ya umeme haipandi sana kwa sababu ya ukoko peke yake. Hasara kubwa iko kwenye uhai wa koili. Kwa kuwa joto linazuiwa kutoka, koili hujipasha yenyewe kupita kiasi ilichoundiwa. Ganda lake huvimba na kupasuka, maji huingia ndani, na chombo huanza kukata umeme wa nyumba nzima. Ikiwa waya wa ardhini haukufungwa ipasavyo, chombo kilichopasuka koili chaweza kumpiga mtu shoti akiwa amelowa maji. Jambo hili si la kufanyiwa mzaha.

Katika mitambo ya jua, ukoko huziba mabomba membamba yapokeayo joto. Tena kwa kuwa jua la saa sita mchana halina swichi ya kulizima, maji hupata moto mkali kuliko unaohitajika na chokaa huganda kwa wingi zaidi.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ile isiyotazamwa. Bwela iliyofungwa kwa shinikizo huwa na vali ya usalama, ambayo hufunguka yenyewe maji yanapozidi moto au shinikizo. Chokaa ikiganda mlangoni mwa vali hiyo, haitafunguka siku itakapohitajika. Chombo kilichofungwa pande zote, chenye moto usiozimika, ni hatari kwa kila mtu aliye karibu nacho. Mtu mwenye bwela ya namna hii na ainyanyue mikono ya vali hiyo mara kwa mara, kama maelekezo ya mtengenezaji yasemavyo, aone kama maji yanatoka; na ikiwa imekwama, asiiwashe bwela hadi fundi aje.

Dawa zinazofaa na zisizofaa

Kwanza, mwenye nyumba na ayajue maji yake. Njia iliyo rahisi ni hii. Chukua chupa mbili zilizo sawa. Jaza nusu ya moja kwa maji ya mvua yaliyo safi, na nusu ya nyingine kwa maji ya kisima. Tia katika kila chupa kipande cha sabuni ya mche kilicho sawa, ukubwa wa punje ya mahindi, kisha tikisa zote kwa muda ulio sawa. Maji ya mvua yatatoa povu jingi. Maji magumu yatatoa povu kidogo na utandu mweupe unaoelea, kwa kuwa kalsiamu huikamata sabuni kabla haijafanya kazi. Usitumie sabuni ya unga katika jaribio hili, kwa sababu nyingi kati ya hizo zimetengenezwa ili zifanye kazi hata katika maji magumu, nazo zitakudanganya. Jaribio hili halitoi tarakimu. Anayetaka tarakimu apeleke chupa ya maji yake katika maabara ya maji. Kupima ugumu ni miongoni mwa kazi za kawaida kabisa za maabara hizo.

Hapa kuna tahadhari ya lugha. Wengi wetu husema "maji ya chumvi" kwa maji yoyote yasiyopenda sabuni. Kwa hakika chumvi na ugumu ni mambo mawili. Kisima kilicho karibu na bahari chaweza kuwa na chumvi, au chokaa, au vyote viwili. Chokaa huziba, chumvi hula chuma. Bwela nyingi zenye tangi la chuma lililopakwa enameli huwa na fimbo ya magnesiamu ndani yake, ambayo huliwa na kutu badala ya tangi. Mwenye maji ya chumvi na aikague fimbo hiyo kila mwaka. Akishughulika na ukoko peke yake, tangi litatoboka huku koili ikiwa nzima.

Pili, tupunguze moto. Wengi huiweka bwela kwenye alama ya mwisho, kisha huyapooza maji ya moto kwa maji ya baridi kabla ya kuoga. Huko ni kununua joto na ukoko kwa pamoja. Maji yakihifadhiwa kwa nyuzi 60 za sentigredi yanatosha kabisa, na kuganda kwa chokaa hupungua kuliko yakiwa nyuzi 75 au 80. Lakini tusishuke chini sana kwa tamaa ya kuokoa koili. Katika maji ya uvuguvugu, ya nyuzi 25 hadi 45 hivi, huweza kuzaana bakteria waitwao Legionella, waletao ugonjwa mkali wa mapafu. Ndiyo sababu nashauri nyuzi 60, si zaidi wala si pungufu.

Tatu, tusafishe kabla chombo hakijalia. Birika la umeme husafishwa kwa siki iliyochanganywa na maji, au kwa maji ya ndimu, likaachwa kwa saa moja na kusuuzwa vizuri. Bwela kubwa ni kazi ya fundi: akate umeme, amwage maji, achomoe koili, atoe magamba yaliyolala chini, na aisafishe koili kwa asidi ya ndimu. Mahali penye maji magumu sana, mara moja kwa mwaka si nyingi. Isitumike asidi kali ya kusafishia vyoo, kwani hula chuma pamoja na chokaa, na mvuke wake hudhuru mapafu. Ikichanganywa na dawa ya kung'arishia nguo hutoa gesi ya klorini, ambayo imekwisha kuwaua watu.

Nne, tuyakumbuke maji ya mvua. Wenyeji wa Lamu na visiwa vya jirani walijenga majabia ya kuhifadhia maji ya mvua karne nyingi kabla ya bwela ya umeme kubuniwa. Paa la mita za mraba 40, mahali panapopata milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, huangukiwa na lita 40,000. Hata ikipotea sehemu ya tano, zinabaki lita 32,000, ambazo hazipungui sana chini ya lita 36,500 ambazo nyumba yetu ya mfano huzitumia kwa maji ya moto mwaka mzima. Tatizo ni mahali pa kuyaweka, kwa maana mvua haigawanyiki sawa katika miezi. Lakini tangi la lita 5,000 laweza kuilisha bwela kwa siku 50, na mvua za masika hulijaza tena na tena. Maji ya kunywa na ya kufulia yaendelee kutoka kisimani. Yale ya bwela peke yake yatoke mawinguni.

Tano, kuna mitambo ya kulainisha maji. Iliyo maarufu hupitisha maji katika chembechembe zinazoshika kalsiamu na magnesiamu na kuachia sodiamu mahali pake. Kisha huoshwa kwa maji ya chumvi ili ianze upya. Hufanya kazi kweli. Hata hivyo sishauri kulainisha maji ya nyumba nzima. Kalsiamu na magnesiamu ni lishe, na Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha ugumu kwa sababu za afya. Sodiamu inayoongezwa yaweza kumtatiza mgonjwa wa shinikizo la damu aliyekatazwa chumvi, na maji ya kuoshea mtambo yakimwagwa bustanini huharibu udongo. Anayeununua mtambo huo na auweke katika bomba liingialo kwenye bwela tu, na bomba la jikoni liachwe kama lilivyo.

Kuhusu sumaku zinazouzwa ili zifungwe juu ya mabomba, nasema hivi: majaribio yaliyofanywa yametoa majibu yanayogongana. Mnunuzi ana haki ya kumwambia muuzaji aifunge bila ya malipo, na fedha zitolewe baada ya mwaka, koili itakapochomolewa na kukaguliwa. Muuzaji akikataa sharti hilo, atakuwa ametoa jibu.

Iko dawa moja nyingine ambayo naitaja kwa sababu ya mafunzo yake. Mwaka 1841, mwanakemia Thomas Clark wa Aberdeen, Uskoti, alipewa hataza ya njia ya kulainisha maji kwa kutia chokaa. Msomaji asidhani kuna kosa la chapa. Chokaa iliyochomwa na kuzimwa kwa maji, ileile inayotoka katika tanuu zetu za pwani, ikitiwa majini kwa kipimo sahihi huinyang'anya bikaboneti asidi yake, na chokaa zote mbili, iliyokuwamo na iliyotiwa, huzama chini pamoja. Sishauri mtu aifanye nyumbani, kwa maana kipimo kikikosewa maji huwa makali na ugumu hurudi. Lakini kwa mtambo wa maji wa mji mzima, au hospitali kubwa, malighafi ya kulainishia maji iko chini ya miguu yetu. Jambo linalohitajika ni kipimo na mtaalamu.

Wajibu wa wenye dhamana

Yote niliyoyasema hadi hapa yamemwelekea mwenye nyumba. Lakini si haki kumtwisha mzigo wote mtu ambaye hakuambiwa anachokinunua. Muuza mchele hutakiwa aonyeshe mizani yake. Kwa nini muuza maji asionyeshe ugumu wa maji yake?

Jambo hili si geni duniani. Uingereza, ambako London na maeneo mengi ya kusini-mashariki hupata maji yaliyopita katika miamba ya chaki, kampuni za maji huwafahamisha wateja ugumu wa maji ya mtaa wao. Ujerumani, sheria ya mwaka 2007 ihusuyo sabuni na vifaa vya usafi iliyagawa maji katika madaraja matatu, laini, ya wastani na magumu, na kuwataka wagavi wa maji wawaarifu wateja wako katika daraja lipi, ili kila mtu atie sabuni kwa kiasi kinachofaa. Nchi hizo hazikuhitaji kugundua lolote jipya. Zilichukua tarakimu iliyokuwa maabarani zikaipeleka nyumbani.

Napendekeza mambo matatu. La kwanza, kila bili ya maji ionyeshe ugumu wa maji ya eneo husika kwa tarakimu moja na neno moja: laini, ya wastani, magumu, au magumu sana. La pili, kila achimbaye kisima akabidhiwe pamoja na kisima chake karatasi ya vipimo iliyoandikwa kwa Kiswahili, ikitaja ugumu, chumvi na floraidi. Watu wengi mijini wamehama kutoka maji ya mto kwenda maji ya kisima bila ya kujua kwamba wamebadilisha maji. La tatu, kila bwela inayouzwa iwe na maelezo, kwa lugha tunayoielewa, ya ugumu ambao chombo kinauvumilia na kila baada ya muda gani kisafishwe.

Nimetaja floraidi kwa makusudi, ili pasiwe na mtu atakayedhani kwamba maji laini ndiyo maji mema daima. Katika sehemu za mlima Meru, maji hutokea katika miamba ya volkano, yana kalsiamu kidogo, na sabuni huyapenda. Lakini baadhi yake, kama yale ya Maji ya Chai, yamejulikana kwa floraidi nyingi, itiayo meno madoa na kudhuru mifupa. Kalsiamu inapokuwamo majini kwa wingi huishika floraidi na kuizuia isizidi. Inapokosekana, floraidi hupata nafasi. Basi mtu wa pwani anayelalamikia ukoko, na mtu wa Meru anayelalamikia meno ya watoto wake, wana haja moja: kuambiwa kilichomo ndani ya maji yao.

Najua nitajibiwa kwamba bwela ni anasa ya wachache, na kwamba nchi ambamo watu wengi bado wanatafuta maji ya kutosha haina haja ya kujishughulisha na koili za wenye nafasi. Hoja hiyo naiheshimu, lakini siikubali. Wodi ya wazazi huhitaji maji ya moto. Jiko la shule ya bweni huhitaji maji ya moto. Mitambo ya jua inaenea, nayo ni njia njema ya kuokoa miti. Lakini mtambo uliozibwa na chokaa katika mwaka wa tatu humfanya mwananchi aseme kwamba jua halifai, akarudi kwenye mkaa. Tena koili na bwela nyingi tunazitumia zikiwa zimeagizwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Kila koili iliyopasuka kabla ya wakati wake ni fedha tuliyoitupa kwa kutojua jambo ambalo lingeweza kuandikwa katika mstari mmoja wa bili.

Jirani yangu amenunua koili mpya. Ameishusha bwela hadi nyuzi 60, amemwambia fundi arudi kila mwaka kabla ya masika, na ameanza kuuliza bei ya tangi la kukingia mvua. Amefanya hayo kwa sababu alioneshwa gamba likitoa povu katika siki. Lakini haifai kila nyumba ingoje hadi ivunje bwela moja ndipo ipate somo hilo. Tarakimu za ugumu wa maji yetu zipatikanazo maabarani zilipatikana kwa fedha za umma. Na zitolewe kwa umma.